Mnyama wa Mwitu Nyumbani: Mfugo au Mateka?

Katika darasa yetu ya baada ya Isha, ndugu mmoja alituonyesha katika simu yake video aliyoletewa na mpwawe aliye kazini katika mojawapo ya nchi za Ghuba. Si ndefu. Yaonekana gari ya fahari ikipita katika barabara pana, na kando ya dereva, penye kiti cha abiria, ameketi duma mchanga. Shingoni ana ukanda wa ngozi wenye kung'ara, naye atazama nje kwa dirisha kama msafiri aliyechoka. Waliokuwapo walicheka. Mmoja akasema, "Masha Allah, tazama neema!" Mwingine akauliza bei yake. Kisha kijana mmoja, katika wanafunzi wetu wasioogopa kuuliza, akasema: "Je, Sheikh, jambo hili lafaa?"

Sheikh wetu hakujibu usiku ule. Alisema kwamba swali dogo huenda likawa na mizizi mirefu, akatutaka kila mmoja arudi na alichokisoma. Basi tukalizungumza kwa darasa tatu, na haya tuyaandikayo ndiyo tuliyoyapata. Hatutoi fatwa, fatwa ina wenyewe. Lakini swali la kijana yule si la halali na haramu peke yake. Ni kwamba mtu akimpenda kiumbe, na akawa na mali ya kumpatia, je, mapenzi yake na mali yake vyatosha kumpa haki ya kumweka?

Jawabu iliyotangulia vinywani mwa wengi ilikuwa ni hii: "Maadamu amlisha na kumnywesha, na akiugua humpeleka kwa daktari wa wanyama, kosa lake ni lipi?" Na aliyeisema hakukosa tegemeo. Alitutajia ile hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa. "Yule alimnyima paka chakula," akasema ndugu yetu, "na huyu wa gari hamnyimi. Duma yule ala nyama ambayo baadhi ya majirani zetu hawaioni ila Idi kwa Idi."

Hoja hii ni nzuri, na kwa ajili hiyo twataka kuitazama vyema. Mwenye kuisikiliza hadithi ile mpaka mwisho wake ataona kwamba mwanamke yule alilaumiwa kwa mambo mawili, wala si moja. Hakumlisha, na tena hakumwacha akaenda kujitafutia riziki yake katika wadudu wa ardhi. Maana yake ni kwamba mbele yake palikuwa na milango miwili ya kutokea dhambini, naye akaifunga yote. Sisi aghlabu huukumbuka mlango wa kwanza, wa chakula, tukausahau wa pili. Sasa paka, hata ukimfungia mwezi mzima, siku utakayofungua dirisha atatoka, na usiku utamsikia juu ya paa la jirani akigombana na wenziwe. Kwake yeye mlango wa pili ungalipo. Swali ni kama mlango huo upo kwa duma aliye ndani ya gari.

Basi yafaa kwanza tumjue duma ni nani, kwani wengi wetu humchanganya na chui. Waarabu humwita huyu fahd, na chui ni nimr. Na katika mji wetu huu wako vijana tele waitwao Fahad ambao wao na baba zao hawajapata kumwona duma ila kitabuni. Chui ni mzito wa mwili, na madoa yake yamejikusanya mafungu mafungu. Duma ni mwembamba, miguu mirefu, madoa yake ni moja moja, na kutoka machoni mpaka kinywani ameshushiwa mistari miwili myeusi mithili ya njia za machozi. Hana ngurumo ya simba. Akiridhika hukoroma kama paka, na amwitapo mwanawe hutoa mlio mwembamba ambao asiyemjua angedhani ni wa ndege. Mbio zake hukaribia kilomita 100 kwa saa, ingawa hawezi kuzidumisha ila kwa muda mfupi mno. Jike huzaa aghlabu watoto watatu mpaka watano, akawalea peke yake bila ya msaada wa dume. Huwaficha majanini aendapo kuwinda, huwahamisha mara kwa mara wasije wakanuswa na simba au fisi, na hukaa nao kiasi cha mwaka mmoja na nusu akiwafundisha kuwinda. Hata hivyo walio wengi hawafikii ukubwa. Uchunguzi wa wataalamu uliotangazwa mwaka 2016 ulikadiria kuwa duma waliosalia duniani ni kama 7,100 tu, wakaao katika sehemu isiyofika moja ya kumi ya nchi walizokuwa wakikaa zamani.

Hapa ndipo ilipotubidi kupambanua baina ya maneno mawili ambayo ndimi zetu huyachanganya. Twasema "kufuga" kwa mbuzi, na twasema "kufuga" kwa duma. Lakini mbuzi ni mfugo kwa maana yake kamili. Amezaliwa zizini na mama aliyezaliwa zizini, na kizazi chake kimekuwa na wanadamu kwa maelfu ya miaka. Ngamia ni vivyo hivyo, na kuku, na punda. Hawa wamezoea nyumba zetu hata tukiwafukuza hurudi. Ama duma, hata awe mpole kiasi gani, akalala miguuni mwa bwana wake na kula mkononi mwake, ni mnyama aliyezoezwa. Kumzoeza mmoja si kukifuga kizazi chake.

Na historia yatupa ushahidi mzuri, tena kutoka kwa wafalme wa Kiislamu wenyewe. Katika Bara Hindi masultani wa Kimogholi walipenda mno kuwinda paa kwa duma. Jahangir aliandika katika kumbukumbu zake kwamba baba yake, Akbar, aliwahi kukusanya duma 1,000, na kwamba alitamani sana wazaliane. Akawaweka madume na majike pamoja bustanini, wasizae. Ni katika zama za Jahangir tu ndipo dume mmoja alipochopoka ukanda wake akamfikia jike, wakapatikana watoto watatu, na jambo lile likaonekana ni la ajabu hata likaandikwa. Baada ya hapo haikusikika habari ya duma aliyezaliwa mikononi mwa watu mpaka mwaka 1956, katika bustani ya wanyama ya Philadelphia, Marekani, nao watoto wale hawakuishi ila miezi michache. Siku hizi zipo bustani ziwezazo kuwazalisha, lakini kwa uwanja mpana na kazi kubwa ya wataalamu.

Tuzingatie maana ya hesabu ile. Mfalme aliyekuwa na hazina ya Bara Hindi nzima, watumishi wasio idadi na nyama isiyokwisha, alikuwa na duma elfu moja, wala hakuwa na mfugo. Alikuwa na mateka elfu moja. Kila aliyekufa, badala yake ilikuwa hapana budi aende akatekwe mwingine mbugani. Mwisho wa mambo haya wajulikana: mbuga zikageuzwa mashamba, bunduki zikaongezeka, na wenye kutaka duma wa kuwindia katika karne iliyopita wakawa wawaagizia kutoka huku kwetu Afrika. Mwaka 1952 Serikali ya India ikatangaza kwamba duma amekwisha katika nchi ile. Ilipofika mwaka 2022 wakaanza kuletewa wengine kutoka Namibia, wanane kwa ndege.

Tumrudie sasa duma wetu wa garini. Hakuzaliwa katika jumba la bwana wake. Walio wengi katika hao wauzwao Ghuba hutoka Pembe ya Afrika, yaani nchi ya Wasomali, Uhabeshi, na hata pande za kaskazini ya Kenya. Mtekaji hungoja mama aondoke kwenda kuwinda, akawachukua watoto mafichoni wakiwa na umri wa wiki chache au miezi michache. Hutiwa katika gunia au sanduku, wakanyweshwa maziwa ya mbuzi au ya ngamia ambayo matumbo yao hayayawezi, wakasafirishwa kwa gari mpaka pwani, na kutoka hapo kwa mashua kuivuka Ghuba ya Aden mpaka Yemen, kisha bara kwa bara mpaka kwa mnunuzi. Jumuiya moja ya kuwahifadhi duma, iliyoanzishwa mwaka 1990 na yenye makao Namibia, yakadiria kuwa watoto kama 300 hutolewa kwa njia hii kila mwaka. Wengi hufa njiani kwa kiu, kwa homa na kwa kuharisha. Mwenye kumpakata mmoja mapajani hawaoni nduguze.

Tusimlaumu kupita kiasi mchungaji wa Kisomali. Yeye ana mbuzi wachache ndio mali yake yote, duma akaja akamla mmoja au wawili, ukame ukamalizia waliosalia, kisha akaja mtu mwenye gari akamwambia, "Niletee watoto wake nikupe fedha." Kama hapangekuwa na mnunuzi ng'ambo, mtu yule asingekuja na gari. Mkono ulioanza jambo hili ni ule unaotoa fedha, ingawa ndio ulio mbali zaidi na ndio ulio safi zaidi.

Katika darasa ya pili Sheikh alitusomea hadithi iliyo katika Sunan ya Abu Daud, ambayo twaona ndiyo iliyotuzindua zaidi. Masahaba walikuwa safarini pamoja na Mtume (s.a.w.). Wakamwona ndege mdogo, hummara, na makinda yake mawili, wakayachukua makinda. Mama yake akaja akawa apigapiga mbawa zake karibu nao. Mtume (s.a.w.) alipoiona hali ile aliuliza ni nani aliyemtia ndege huyu uchungu kwa ajili ya wanawe, na akaamrisha arudishiwe. Hakuuliza kama makinda yale yamelishwa. Wala hakuuliza kama waliyoyachukua ni watu wema, nao bila ya shaka walikuwa wema kuliko sisi. Alitazama upande ambao sisi hatuutazami, upande wa yule aliyeachwa na kiota kitupu. Na duma jike aliyerudi na windo lake asiwakute wanawe mafichoni huita kwa ule mlio wake mwembamba tulioutaja.

Ndugu mmoja, mtu wa fiqhi, alitukumbusha kwamba si haki kuzungumza kwa hisia peke yake na ilhali wanavyuoni wetu hawakulinyamazia jambo hili. Alisema kweli. Sisi watu wa pwani ni Mashafi, na wanavyuoni walioufasiri Minhaj wa Imam Nawawi wameeleza ni wanyama gani wafaao kuuzwa. Kipimo chao ni manufaa. Duma wamemruhusu, kwa kuwa hufunzwa akawinda. Tembo wamemruhusu kwa vita. Wamewaruhusu hata ndege wa sauti nzuri, na tausi kwa rangi zake. Lakini simba na mfano wake, wasiowinda kwa ajili ya mtu, hawakuruhusu kuuzwa. Na palipodaiwa kwamba wafalme huwaweka wanyama hao kwa ajili ya haiba na siasa yao, wakajibu kwamba haiba ya wafalme si katika manufaa yenye kuzingatiwa.

Neno hili lilitufurahisha, kwani ni kana kwamba waliiona gari ile. Hakika wafalme wa kila umma wamependa kujionyesha kwa wanyama. Harun Rashid alimpelekea Charlemagne, mfalme wa Wafaranga, tembo aliyeitwa Abul Abbas, naye aliishi kule ugenini miaka kama minane tu. Na sisi wenyewe tumo: mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa Uchina, watu wakamdhani ni mnyama wa baraka atajwaye katika ngano zao. Tofauti ya zamani na sasa ni kwamba zamani haiba ilikuwa ya wafalme wachache, na leo kila kijana mwenye simu na fedha ataka awe mfalme kwa muda wa video moja. Duma wa garini hawindi. Hajapata kukimbia mbio zake hata mara moja tangu alipotekwa. Basi ile sababu iliyomfanya auzike kwa wanavyuoni imeondoka, na iliyobaki ni ile ile waliyoikataa. Hatusemi kwamba kwa hoja hii tumeifunga mas'ala. Wenye elimu zaidi watuongoze. Lakini mwenye kujikinga kwa jina la fiqhi, naisome fiqhi mpaka alipokomea mwenye kitabu.

Akasimama mwingine na hadithi ya Abu Umeir. Huyu alikuwa ndugu mdogo wa Anas bin Malik, naye alikuwa na kijindege chake, nughar, mfano wa jurawa, akichezea. Kikafa, mtoto akahuzunika, na Mtume (s.a.w.) akawa amtania kwa upole ili amliwaze. Wanavyuoni wametoa katika kisa hiki ruhusa ya kumweka ndege, bora asiteswe. Hata Ibnul Qas, katika Mashafi wa kwanza, alitoa humo faida sitini. Sisi twaikubali ruhusa hiyo, wala hatutaki kumnyang'anya mtoto yeyote kijindege chake. Twasema tu kwamba nughar yule hakuvushwa bahari. Lau siku moja mtoto angefungua kiganja chake, ndege angekuwa kwao kwa mapigo machache ya mbawa.

Yako yanayosemwa kuhusu hatari ya mnyama huyo kwa majirani na watoto, nayo ni kweli, lakini yako wazi hata hayataki maneno mengi. Mtu hana ruhusa ya kumtisha jirani yake kwa ukuta, seuze kwa meno.

Jambo lililotushughulisha zaidi ni hili la mapenzi, kwani wengi katika wenye kuwaweka wanyama hawa si watu wakatili. Wawapenda kweli. Lakini mapenzi bila ya elimu hulisha kwa kile kilichopo jikoni. Duma mchanga akipewa minofu ya kuku mitupu, bila ya mifupa wala matumbo ya windo, mifupa yake hulainika, miguu ikapinda, akawa hawezi kusimama. Na mwenyewe akadhani ni ugonjwa ulioletwa na hewa. Na siku mwenyewe atakapotubia akasema, "Basi namwacha huru," atamwacha wapi? Jangwani hakujui. Kuwinda hakufunzwa. Watu hawaogopi, kwa hivyo atawaendea, na watamwua.

Tutaambiwa: mbona hapa Kenya yule mama wa Kizungu, Joy Adamson, alimlea Elsa akamrudisha mwituni? Ni kweli, na kisa chake chafaa kusomwa na kila mwenye kutaka kumfuga simba. Mama yake Elsa aliuawa mwaka 1956 kwa risasi ya George Adamson, mume wa bibi yule, alipomrukia kwa kuwatetea wanawe. Watoto walikuwa watatu. Wawili wakapelekwa Rotterdam wakaishi katika bustani ya wanyama, mmoja ndiye aliyebaki. Kumfundisha huyo mmoja kuwinda na kuishi peke yake kulihitaji watu wawili walioacha shughuli zao nyingine kwa miezi mingi, na nchi nzima ya Meru mbele yao. Elsa akazaa, akafa Januari mwaka 1961 kwa ugonjwa, na wanawe wakawa wala mifugo ya watu mpaka wakahamishiwa Serengeti. Baadaye bibi yule alifanya mfano wa hayo kwa duma mmoja, Pippa, aliyekuwa amelelewa na Waingereza nyumbani kwao, naye pia akazaa mwituni kabla ya kufa mwaka 1969. Basi mlango wa pili waweza kufunguliwa. Lakini atazame mwenye gari kama yuko tayari kuuacha mji na kwenda kulala hemani miaka mitano kwa ajili ya duma wake.

Twapenda kuwataja kwa kheri waliojaribu kulizuia jambo hili. Biashara ya kimataifa ya duma wa mwituni imekatazwa kwa mkataba tangu mwaka 1975. Muungano wa Falme za Kiarabu walitoa sheria ya mwaka 2016 inayowakataza watu binafsi kuweka wanyama wakali, na mwenye kumtoa duma hadharani aweza kufungwa mpaka miezi sita au kutozwa faini ifikiayo dirhamu 500,000. Nchi iliyo maskini zaidi, Somaliland, imewakamata na kuwahukumu wasafirishaji, na duma waliookolewa huko wamekusanywa mahali paitwapo Geed-Deeble, si mbali na Hargeisa. Wapata zaidi ya themanini. Wana nafasi, wana madaktari, wana nyama ya kufaa. Lakini walichukuliwa kwa mama zao kabla ya kufunzwa, na kuwarudisha mwituni ni kazi nzito mno. Wengi wao huenda wakamalizia umri wao ndani ya ua ule. Hao ndio waliobahatika.

Tumesema sana juu ya Ghuba, na ni rahisi kusema juu ya watu wa mbali, hasa wakiwa matajiri. Sasa tugeuze uso upande wetu. Mwezi wa Aprili 2025, katika kaunti ya Nakuru, walikamatwa vijana wawili wa Kibelgiji na siafu... la, si siafu, ni wale chungu wakubwa wavunao mbegu. Malkia wao kiasi cha 5,000, ndani ya vichupa vyenye pamba. Walikuwa wakipelekwa ng'ambo kwa watu wawekao chungu ndani ya vioo kama sisi tuwekavyo samaki. Mwezi uliofuata mahakama ikawapa hukumu ya faini ya shilingi milioni moja au kifungo cha miezi kumi na miwili. Wengi wetu tulicheka tuliposikia habari ile, tukasema, "Hata chungu!" Tulisahau kwamba katika ile ile hadithi ya hummara mna pia kisa cha kijiji cha chungu kilichotiwa moto na masahaba, na Mtume (s.a.w.) akakataza; na kwamba Qur'ani, katika Suratul An'am, yatufahamisha kwamba viumbe vitambaavyo na virukavyo ni umma mfano wetu. Malkia mmoja akiondolewa, ni mji mzima ambao hautajengwa.

Na karibu zaidi ya chungu ni kasuku. Ni nyumba ngapi katika mji huu zilizotundika tundu barazani? Kasuku wa kijivu, mwenye mkia mwekundu, asili yake ni misitu ya Kongo na ya Afrika ya Magharibi. Hunaswa kwa ulimbo na kwa kasuku mwenzake afungwaye mtini awaite, na wengi hufa kabla ya kufika sokoni. Mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg, mataifa yalikubaliana kumtia katika daraja ya viumbe visivyouzwa nje ya nchi kutoka mwituni. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumweka mnyama wa mwitu bila ya kibali. Yote haya yajulikana, na matundu yangalipo. Twapenda asemavyo "Salamu alaikum" kwa sauti ya mwenye nyumba, na hatujiulizi kwa nini asema na sisi. Kasuku msituni ni ndege wa kundi, huongea mchana kutwa na wenziwe. Asipowapata wenziwe hujifunza lugha ya waliopo. Na asipopata hata hao, hujinyonyoa manyoya kifuani mpaka ngozi ikaonekana.

Katika ua wa madrasa yetu yuko mmoja. Hatukumnunua. Mzee mmoja katika wasomaji wetu wa kale alimweka zaidi ya miaka thelathini, na alipofariki warithi waligawana nyumba na duka, kasuku asitakiwe na mtu. Tukaletewa sisi, na watoto wakafurahi. Hukohoa kikohozi cha mzee yule, kisha huita jina la mkewe, ambaye naye ametangulia mbele ya haki. Tulipofika darasa ya tatu, kijana aliyeuliza swali la kwanza alimtazama ndege yule, akatutazama sisi, asiseme neno.

Tumekwisha kuandika kuomba kibali. Kumwacha huru hatuwezi. Huku si kwao, kwao ni mbali na sisi mwendo wa siku nyingi, na mbawa zake hatujamwona akizitumia kupita urefu wa mkono. Kijana yule ndiye ampelekeaye paipai na karanga kila alasiri. Juzi aliuliza kama ndege huyu, ambaye huenda akaishi miaka mingine ishirini, atachukuliwa na nani sisi tukiondoka, na hatukuwa na la kumjibu. Tumemjengea chumba cha wavu chini ya mwembe, kipana kadiri tulivyoweza, na lile tundu lake la zamani tumeliweka ndani yake, mlango wake tumeung'oa. Mchana hutoka akatambaa juu ya matawi. Magharibi ikiadhiniwa hurudi tunduni mwenyewe, akasimama pale pale aliposimama miaka thelathini.